Duara la Chaki

Isabirye amestaafu sukari, sasa anataka papa.
Si picha ya papa, si papa mkavu wa kuungwa kwa nazi.
Papa hai, wanne, wenye ncha nyeusi mapezini,
hapa Jinja, ndani ya ghala alimokuwa akipanga magunia,
ambamo sisimizi bado hupita kuulizia.

"Biira," akaniambia, "wewe mtoto wa chumvi. Nipigie hesabu."

Nikapiga.
Mita kumi upana, mbili na nusu kina:
lita laki moja tisini na sita elfu,
na kila lita yataka gramu thelathini na tano.
Tani saba kasoro kidogo, kabla hujanunua samaki hata mmoja.
Pampu mbili, na ya tatu ya kukesha hizo mbili zikizimia.
Jenereta, kwa kuwa umeme wetu una tabia zake
na papa hangoji transfoma.
Kioo kinene kama Biblia tatu za kanisani,
kipite Malaba bila afisa kukigonga kwa pete
asikie kama kinalia.

Nje, hatua mia nne, mto unaondoka.
Wanasema huchukua miezi mitatu kuifikia bahari.
Sisi bahari tunaileta kwa lori, kwa magunia,
kinyumenyume.

Mama akasikia, akapiga simu kutoka Katwe.
"Mnanunua chumvi ng'ambo,
na mimi nimesimama ndani yake tangu usichana?
Chumvi ni chumvi."
Nikakosa namna ya kumwambia
kwamba yake ina magadi, ina uchungu wa volkeno,
kwamba hiyo iliyonisomesha
ingemuua papa kabla ya adhuhuri.
Nikasema laini inakatika.

Halafu siku ile ya chaki.
Nilifunga kamba kwenye msumari, nikachora duara sakafuni,
nikamwambia Isabirye: tembea.
"Hadi wapi?"
Hakuna wapi. Papa huyu akisimama hukosa pumzi.
Fuata mstari, usiguse kitu, nusu saa tu.

Akacheka, akavua koti, akaenda.
Mzunguko wa tano alikuwa akinisimulia
bei ya molasi mwaka wa mafuriko.
Wa kumi na nane alinyamaza.
Wa arobaini na moja akanyoosha mkono,
akaushika ukuta.

Sikusema neno.
Yeye mwenyewe akautazama mkono wake,
ulivyotulia pale kwenye plasta.
"Yeye hana hapa," akasema.
Hana.

Nilidhani ataniambia nikunje kamba.
Nilikuwa nimeshajiandaa, hata kufurahi kidogo.
Badala yake akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza upande wa pili, stoo ya Naigaga na mahindi yake,
akasema: "Ongeza."

Nikaongeza mita nne,
chumvi ikajifungua pacha, Waiswa na Tenywa:
tani kumi na tatu na nusu.
Naigaga anataka fidia na paa jipya.
Na baada ya hayo yote, mzee, utasubiri:
wiki sita za maji bila samaki,
ukiwalisha uduvi uliooza vijidudu usiowaona,
hadi maji yajifunze kula uchafu wao.

"Wiki sita nikitazama maji?"
Wiki sita.
"Nitaleta kiti."

Hakuniuliza kama duara kubwa si duara.
Nami sikumuuliza. Ninalipwa kwa mita.

Jioni basi la Kasese likaleta kifurushi,
gazeti limelowa pembeni:
kilo moja ya Katwe, ya kijivu, yenye mawemawe,
na hakuna barua.
Nikachemsha yai, nikalichovya, nikala nimesimama
katikati ya maduara mawili, la zamani ndani ya jipya,
nikalamba kidole, nikaandika:
klorini ya bomba, itolewe kwanza.